Sura ya Tano: Mshale na Ufito wa Mwerebi

Fulvio Bricarello aliingia kituoni na aproni yake ya bucha, damu ya asubuhi ikiwa bado mbichi kifuani, akasema amekuja kufungwa.

Afande Delfina Quaglino alikuwa anakoroga kahawa. Hakuacha kukoroga.

"Kwa kosa gani?"

"La Ermes. Mimi ndiye niliyegeuza mshale."

Mezani kwake, Koplo Sabatino alisitisha kutafuna biskuti, akavuta mashine ya kuchapia karibu.

Kusema kweli, kijiji kizima cha Castelrovere kilikuwa kimeshamhukumu Fulvio tangu jana mchana, kwa hiyo mtuhumiwa ndiye aliyekuwa wa mwisho kupata habari. Jana, Ijumaa, wavunaji wa zabibu walimkuta Ermes Novarino chini ya Kilima cha Mjane, pale ukingo ulipoporomoka na mvua za masika, nyonga imevunjika, kichwa kimepasuka, baiskeli imelala juu yake. Sasa alikuwa hospitali mjini, anapumua, hajafungua macho. Ermes ndiye aliyechora njia zote za changarawe zinazopita huku milimani, kutoka pishi moja la divai hadi jingine, na ndiye aliyeweka mishale ya mbao inayowaongoza wageni wa baiskeli. Pale juu ya kilima, kwenye njia panda, mshale uliotakiwa kuwapeleka watu kulia, juu kwa juu, ulikutwa umegeuzwa kushoto, kuelekea bondeni, kwenye ukingo.

Na Fulvio? Mkewe, Nives, alikuwa anaendesha baiskeli na Ermes kila Alhamisi kwa miaka minne. Jumapili iliyopita, katika baa iliyojaa, Fulvio alisema siku moja atamtoa Ermes mifupa kama sungura. Mtu wa bucha akisema hivyo, watu wanaamini anajua aanzie wapi.

"Kaa," Delfina alimwambia.

"Nimesimama vizuri tu."

"Kaa, Fulvio. Unanitia harufu ya maini na sijapata hata kifungua kinywa."

Fulvio akakaa.

"Uligeuza lini?"

"Jana alfajiri. Kabla sijafungua bucha."

"Ulipandaje kule?"

"Na gari."

"Lile la kubebea nyama? Lenye ekzosi inayoamsha mbwa wa bonde zima?"

"Basi jana mbwa walilala."

"Sababu?"

"Wivu," Fulvio akasema, kama mtu anayetaja jina la baba yake. "Andika hivyo. Wivu. Kijiji kizima kinajua nina wivu."

"Mshale uliufungaje?"

"Kama ulivyokuwa. Kwa zile kamba za plastiki, zile ukishazikaza hazifunguki mpaka uzikate."

"Rangi?"

"Nyeusi."

Delfina alimtazama Sabatino, na Sabatino akatazama biskuti yake. Mshale wenyewe ulikuwa kwenye droo ya Delfina, ndani ya mfuko. Haukuwa na plastiki yoyote. Ulikuwa umefungwa kwenye nguzo kwa ufito wa mwerebi, ule mti wa mtoni unaopindika kama kamba, kama babu zao walivyofunga mizabibu, na hilo walilijua wao wawili tu na yule aliyeufunga.

"Mpe kahawa," Delfina alimwambia askari wa zamu. "Asitoke."

"Kwa hiyo nimefungwa?" Fulvio akauliza.

"Umekaribishwa."

*

Sabatino alitoka Calabria, kusini kabisa mwa Italia, na ingawa alikuwa amekaa Castelrovere miaka ishirini, amezeeka hapo, amenenepa hapo, bado walimwita mgeni. Aliendesha gari kupanda kilima kana kwamba kilima kimemtukana.

"Afande, kwetu mtu akiwa na wivu anavunja sahani. Nyie huku mnageuza kibao. Hata wivu wenu una adabu."

"Tazama mbele."

"Natazama. Ila yule hakufanya. Mbona akubali?"

"Kwanza tujue hakufanya nini. Kwa nini tutajua baadaye."

Njia panda ilikuwa kwenye kona ya shamba la zabibu za barbera, nyeusi, zimejaa, siku mbili tatu kabla ya kukatwa. Jana Delfina aliagiza alama za magurudumu zifunikwe kwa makreti ya kuvunia, na wavunaji walinung'unika lakini wakatoa makreti. Usiku wa kuamkia Ijumaa kulikuwa na manyunyu, na vumbi jeupe la huku likipata maji kidogo linakuwa kama unga wa kukanda: linashika kila kitu, kisha jua likitoka linakauka na siri zote ndani.

Delfina aliondoa makreti moja moja.

Alama zilikuwa mbili. Ya kwanza ilifika njia panda taratibu, ikapinda kushoto kama mshale ulivyosema, ikashuka kwa wasiwasi: kila hatua chache tairi la nyuma lilikuwa limeburuta, kwa kushikwa breki, kuachiwa, kushikwa tena. Iliishia kwenye miiba, juu ya bonde la matope, mbali na ukingo.

Ya pili ilikuja kwa nyuma. Haikuufuata mkunjo wa njia. Ilikata kona, ikapita juu ya majani, ikashuka moja kwa moja kama uzi uliovutwa.

Sabatino alipiga goti akiwa na picha ya tairi la Ermes. Vinundu vya alama ya pili vilikuwa vya tairi lilelile.

"Hii ya pili ndiyo ya Ermes," akasema. "Basi hii ya kwanza ya nani?"

"Hilo swali nilipaswa kujiuliza jana. Sabatino, wewe nyumbani kwako, ukibandika kibao cha 'choo' mlangoni, kisha mimi nikakihamishia jikoni, utakwenda kujisaidia jikoni?"

"Hapana, Afande. Najua choo kiliko."

"Ermes ndiye aliyeuweka huu mshale. Njia hii anaijua kama jiko lake. Asingeufuata hata ungeelekea mbinguni. Kijiji kizima, na mimi nikiwemo, tumekaa tunauliza nani alimtegea Ermes. Hakuna aliyemtegea Ermes. Mshale uligeuzwa kwa ajili ya mtu asiyeijua njia."

Sabatino alinyanyuka, akajipangusa goti.

"Na huo wivu wa Fulvio?"

"Fulvio amekiri kosa ambalo halikutendeka."

Delfina alisogelea nguzo ya mwanzo wa safu, ile mshale ulikofungiwa. Tawi la mzabibu lilikuwa linapita hapo, na ili mtu aufikie mshale ilikuwa lazima alisogeze. Lilikuwa limesogezwa. Kisha lilikuwa limerudishwa: limepitishwa katikati ya waya mbili, majani yametazama jua, kishada kimeachwa kining'inie huru kisisuguane na mti.

"Ona," alisema Delfina. "Mtu amekuja gizagiza kufanya ubaya, na bado mkono wake haukuweza kuacha tawi limelegea."

"Labda upepo."

"Upepo haupitishi tawi kati ya waya. Fulvio angelikata kwa kisu. Huyu amezaliwa shambani. Na ule ufito pia. Mierebi tunaikata wakati wa baridi, tunafungia mizabibu kabla ya masika. Mwezi huu wa tisa fito zilizobaki zimekauka kama mifupa, ukipinda zinakatika. Ule ulikuwa laini. Ulilowekwa majini siku kadhaa."

"Nani analoweka fito wakati wa mavuno?"

"Wanaotundika zabibu darini za kula Krismasi. Zamani wote. Siku hizi nyumba chache, na wanawake wa makamo." Akaingia garini. "Lakini kwanza nataka mwenye breki."

*

Baa ya Bi Ortensia, yenye vyumba vya wageni juu, ilikuwa imejaa hadi mlangoni, na Delfina alipoingia kelele zilikatika kama redio iliyochomolewa. Bi Ortensia alimvuta jikoni, akaendelea kukunja vijifuko vya unga na nyama kwa ajili ya Jumapili huku akiongea.

"Kaenda na aproni, jamani. Hata kunawa hakunawa. Mimi nilisema, nilisema mbele ya watu, yule Fulvio ukimwona kimya ujue anapika jambo."

"Ulisema lini?"

"Leo asubuhi. Lakini nilikuwa nawaza tangu zamani."

"Bi Ortensia, wageni wa baiskeli unao?"

"Mmoja. Dada wa Torino, chumba cha juu. Ludovica. Mzuri, mwembamba, anakula saladi." Alilitamka neno saladi kwa huruma. "Jana karudi mikono imechanika, kaniomba spiriti. Nikamuuliza vipi. Kasema paka."

"Paka gani?"

"Ndiyo nami nikauliza. Hapa paka ni mmoja na meno yamemwisha."

"Alimjua Ermes?"

Bi Ortensia alipunguza sauti, jambo lililomfanya Sabatino asogee karibu.

"Alhamisi jioni walikaa meza ile ya dirishani. Ermes, huyu wa Torino, na Nives. Sikuwa nasikiliza, nilikuwa napangusa. Ermes anamwambia Nives, kesho nitaijaribu njia mpya. Nives anasema, sawa, nitatangulia kama siku zote. Ermes anamwambia, hapana, wewe sasa unajua mno, nataka mtu asiyejua. Anamwonyesha huyu."

"Nives akasema nini?"

"Akacheka. Akauliza mnaanza saa ngapi. Halafu akachukua glasi ya Ermes, siyo yake, ya Ermes, akaimaliza divai yote mbele ya yule dada, akaiweka mezani, akaaga."

"Mbona jana hukuniambia?"

"Jana uliniuliza Fulvio alisema nini Jumapili, Delfina mwanangu. Nikakujibu ulichouliza."

Huko juu, Ludovica alikuwa anafunga begi. Alipoona sare ya polisi, alikaa kitandani na kuvuta mikono ya sweta hadi kwenye vidole.

"Nyoosha mikono, dada," alisema Delfina.

Mikwaruzo ilikuwa ya miiba, myembamba na mingi. Paka wa kufanya vile angehitaji miguu hamsini.

"Ulitangulia?"

"Nilitangulia." Simu ilitetemeka kando yake. Akaitazama, akaigeuza kifudifudi. "Mume wangu. Anajua niko Milano mkutanoni. Ananipigia kila mara, anataka asikie sauti za nyuma, ajue niko wapi. Ndiyo sababu niliondoka pale. Niliita gari la wagonjwa kwa simu ya Ermes, nikasubiri mpaka nilipowaona wavunaji wanashuka mbio. Halafu nikaondoka. Sikumwacha peke yake."

"Wewe na Ermes mlikuwa na nini?"

"Hatukuwa na kitu." Akafikiri. "Bado."

"Hebu nieleze hiyo kazi ya kutangulia."

"Wanaotunga njia wote wanafanya hivyo. Mgeni asiyejua anakwenda mbele, mtunzi anakaa nyuma, mbali kidogo, kinywa amekifunga. Mgeni akipotea anaachwa apotee. Ukimwelekeza, kasoro ya mshale haionekani. Ermes alikuwa mkali sana kwa hilo. Alijisifu Alhamisi ileile, mbele ya Nives, kwamba mara ya kwanza Nives alipotangulia, alipotea, na yeye alimwacha azunguke mashambani mpaka akalia, na hakumwambia neno."

"Nives alikuwa anasikia?"

"Alikuwa anacheka naye."

"Na jana?"

"Mshale ulisema kushoto, nikaenda kushoto. Mimi miteremko naiogopa. Nilishika breki njia nzima. Nikasikia kitu kinakuja nyuma kama jiwe, nikayumba, nikaangukia miiba. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshanipita. Nadhani alitaka kunitangulia anizuie kabla ya ukingo." Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Mimi hata nisingefika ukingoni. Nilishakuwa chini."

"Alikuita?"

"Hakuita. Alikuja tu."

*

Nives Bricarello alikuwa darini kwa baba yake, nyuma ya kanisa, juu ya ngazi, anatundika zabibu kwenye boriti. Chini ya ngazi kulikuwa na ndoo ya maji, na ndani ya ndoo fungu la fito za mwerebi.

"Nipe hicho kishada, Afande," alisema bila kugeuka. "Umekuja mikono mitupu, angalau ifanye kazi."

Delfina alimpa. Nives aliunganisha vishada viwili kwa ufito, akauzungusha, akaupinda, akaificha ncha kwa kidole gumba. Kufumba na kufumbua.

"Fundo zuri."

"Nyumba zote za huku wanafunga hivi. Hata mama yako alifunga hivi, kabla hamjauza shamba."

"Kweli. Ni fundo hilohilo lililokuwa kwenye mshale."

"Basi kafunge nusu ya kijiji. Anza na makaburini." Nives alishuka ngazi moja, akachukua ufito mwingine. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mwenye mapaja ya mtu anayepanda milima kwa burudani, na hakuwa na jasho hata tone.

"Jana alfajiri ulikuwa wapi?"

"Kitandani na mume wangu. Muulize."

"Nimemuuliza. Yuko kituoni. Amekiri kwamba yeye ndiye aliyegeuza mshale."

Mkono wa Nives ulisimama.

"Nani amekiri?"

"Fulvio."

"Fulvio wangu? Fulvio akipanda ngazi hii anashika ukuta na kuomba. Mshale wa juu ya Kilima cha Mjane atauonea wapi?"

"Twende ukamwambie mwenyewe."

Nives alitazama zabibu zilizobaki, akazifunika kwa gunia zisipigwe na nzi, akashuka.

*

Fulvio alimwona mkewe anaingia, akanyanyuka mpaka kiti kikaanguka.

"Umefuata nini hapa? Nani yuko bucha?"

"Hakuna mtu bucha."

"Jumamosi? Na nyama ya watu ya kesho?"

"Fulvio, umekuja kusema nini kwa hawa?"

"Nimesema kilichotokea. Nenda nyumbani."

Delfina alifunga mlango. Alitoa mshale kwenye droo, akautoa kwenye mfuko, akauweka mezani na ufito wake.

"Ulisema plastiki, Fulvio."

Fulvio aliutazama ufito kwa muda, kisha akatazama ukutani.

"Nilichanganya. Kulikuwa na giza."

"Ulisema ulimtegea Ermes. Ermes asingeufuata mshale wake mwenyewe. Aliyetegewa ni dada wa Torino, na wewe hata jina lake hulijui."

"Mimi simjui mtu wa Torino. Nilikuwa na wivu na Ermes. Andika nilivyosema."

"Na mimi niseme," Nives alidakia. Alikuwa amekaa, mikono imetulia mapajani. "Hakuna anayefungwa kwa kujua kufunga mzabibu. Hakuna aliyeniona. Una kipande cha mti mezani, basi."

"Ni kweli," alisema Delfina. "Nikipeleka hiki kwa mwendesha mashtaka atanicheka. Ila nina maelezo ya mumeo, yamechapwa, yanangoja saini. Kijiji kizima kitasimama kuapa kwamba alimtishia. Uongo wake una mashahidi, ukweli wangu hauna hata mmoja. Jumatatu anapelekwa mjini. Na Ermes asipoamka, Fulvio atazeekea ndani."

"Atafuta maneno yake."

"Sifuti," alisema Fulvio.

"Wewe mwanamume una wazimu."

"Sifuti, Nives. Lete kalamu."

Sabatino alishika kalamu, lakini hakuitoa. Huko nje watu walikuwa wamehamisha viti vya baa mpaka upande wa kituo, kwa kisingizio cha kivuli.

"Huyo dada," alisema Nives hatimaye, kama anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua. "Aliangukia wapi?"

"Kwenye miiba. Juu ya matope."

Nives alitikisa kichwa, karibu atabasamu.

"Lazima. Anashika breki kama mtu aliyeshika paka. Nilimwona Jumatano kwenye kilima kidogo cha kanisa. Ukingoni asingefika hata kwa kusukumwa. Angeishia kwenye matope mpaka kitovuni, arudi na baiskeli begani, Ermes aone aliyemchagua ni mtu gani."

Mashine ya Sabatino ililia mara mbili tatu, ikanyamaza. Nives aliisikia. Hakuonekana kujali, maana kuna jambo jingine lilikuwa limeshamkaa usoni.

"Sasa Ermes alifikaje kule? Yeye hukaa nyuma. Mtu akipotea anaachwa. Huo ndio mwiko wake."

"Alimfuata."

"Alimwita kwanza."

"Hakumwita. Alimfuata."

"Atakuwa alishuka taratibu akateleza. Kulinyesha."

"Nives," alisema Delfina, "nimepita na alama zake kutoka njia panda mpaka ukingoni, kwa magoti. Alikata kona juu ya majani. Hakushika breki popote."

"Popote?"

"Popote."

Nives aliangalia mikono yake. Kucha zilikuwa na rangi ya kijani ya maganda ya mwerebi.

"Mimi aliniacha mpaka nikalia," akasema. "Nilizunguka shamba la mjomba wake jua limenipiga, nikamwona yuko juu kakaa kwenye ukuta anakula tofaa. Nikajiambia moyoni, sawa, huyu ndivyo alivyo, hakuna atakayemfanya ashuke. Miaka minne nimekaa na hilo. Nilikuwa nalipenda, unajua? Kwamba hashuki kwa mtu." Akageukia mashine. "Andika, Koplo. Ni mimi. Nilikata kamba za mshale kwa mkasi wa kuvunia, nikaugeuza, nikaufunga kwa ufito niliokuwa nao mfukoni. Niliijua ile sehemu imeporomoka, na niliujua woga wa yule mwanamke. Hesabu yangu ilikuwa sawa kwa kila mtu isipokuwa Ermes. Jana yote nilijiambia ameteleza. Kama angekuwa ameteleza ningekaa kimya mpaka kufa kwangu."

Sabatino aliandika. Fulvio alikuwa ameinamisha kichwa, mikono yake mikubwa imeshika ukingo wa aproni.

"Ulijua," Delfina alimwambia.

"Alirudi asubuhi akaosha viatu kabla ya kunisalimia. Habari zilipofika, hakulia. Akaniuliza walimkuta upande gani wa matope." Akakunja ukingo wa aproni. "Nikajua hakuwa amemtegea Ermes."

"Kwa hiyo ukaja kumwokoa."

"Kumwokoa na jela?" Fulvio aliinua uso. "Afande, mume mwenye wivu wanamcheka, wanamnunulia glasi, anafungwa, wanampelekea soseji. Kila mtu anamwelewa. Lakini mke wangu kuwa na wivu juu ya mwanamume mwingine, wivu mpaka wa kupanda mlima gizani, hicho unakielezaje baa? Hicho ndicho nilichokuja kukizuia kisisemwe. Na sasa kimesemwa mbele yangu."

Nives alimtazama, pengine kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Hukuniuliza," akasema.

"Ningeuliza nini?"

Askari wa zamu alikuja kumchukua, na Nives alitoka kwa mlango wa nyuma bila kugeuka. Delfina alizichukua zile karatasi za Fulvio zisizo na saini, akazichana mara mbili, akazitia kwenye pipa.

"Nenda nyumbani."

"Bucha," alisema Fulvio. "Kuna nyama ya watu."

"Nenda bucha basi. Lakini huu ukweli siwezi kuuficha, unajua. Wiki ijayo utakuwa kila mahali."

"Wiki ijayo," Fulvio alikubali, akanyoosha aproni yake na kutoka kwa mlango wa mbele.

Delfina alisimama dirishani. Uwanja mzima uligeukia mlango wa kituo. Bi Ortensia alikuwa mlangoni kwake, mikono ina unga, kijiji kizima kimejipanga nyuma yake.

"Fulvio," aliita mmoja wa wazee. "Wamekuachia?"

Fulvio alisimama katikati ya uwanja, jua la mchana usoni, damu imekauka kifuani. Sauti yake ilipotoka ilikuwa kubwa, ya bucha, ya mtu aliyezoea kusikika.

"Kwa leo tu," akasema. "Si mnanijua nilivyo na wivu."

Watu wakacheka. Mtu mmoja akamsogezea kiti, mwingine akaagiza glasi.